Maswali ya wasomaji: kutuliza kichwa wakati kazi hazitulii

Barua nyingi za safari hii zimeandikwa msimu wa korosho, na inaonekana. Watu hawalali, wanagombana na wenza wao kwa mambo madogo, na mapigo ya moyo yanawatisha. Tumechagua kumi. Katika karibu zote tumeanza na mwili, kwa sababu mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu na kunywa vikombe vitano vya kahawa hatulizwi na maneno mazuri.

*

Niliambiwa nikae kimya, nifumbe macho, nisiwaze kitu chochote. Nikifumba tu, madeni, ada za watoto na maneno ya jirani vinakuja kwa pamoja. Natoka hapo nimechoka kuliko nilivyoingia. Isitoshe, nakaanga vitumbua tangu saa kumi alfajiri, muda wa kukaa kimya sina. Nakosea wapi?
*Muuza vitumbua, Mikindani*

Mama, aliyekosea ni huyo aliyekwambia usiwaze kitu. Kichwa kilicho macho huwaza, na ukikinyima kazi kinafukua yale yasiyokwisha: deni, ada, jirani. Zoezi lenyewe ni dogo kuliko ulivyoambiwa. Unachagua kitu kimoja cha kukisikia kwa hisi zako, akili inaondoka, unagundua kwamba imeondoka, unairudisha. Basi. Hapo umefanya zoezi mara moja. Aliyetoroka mara ishirini ndani ya dakika tano na kurudi mara ishirini amefanya kazi nzuri, hata kama ameinuka akidhani ameshindwa.

Kwa sasa achana na kufumba macho. Macho yakifumbwa, mawazo ndiyo yanayobaki kuwa kitu pekee cha kutazama, na kwa mtu mwenye mzigo hilo ni kali mno kwa kuanzia. Tena usitafute muda mpya, tumia kikaango chako.

Chukua raundi ya kwanza tu ya asubuhi, kabla wateja hawajapanga foleni. Redio izimwe, simu ikae mbali. Sikiliza rojo linavyolia likigusa mafuta. Tazama ukingo unavyokauka na kubadilika rangi wakati katikati bado kubichi. Sikia harufu ya iliki na tui, na uzito wa kile kijiti cha kugeuzia mkononi. Nyayo zako ziko chini, zisikie nazo. Ukijikuta uko kwenye deni, jiambie kimoyomoyo "nawaza", bila kujikaripia, kisha rudi kwenye ukingo wa kitumbua. Usiogope kuungua: anayeungua kwa kawaida ni yule ambaye mwili uko jikoni na akili iko kwa jirani. Raundi ikiisha, washa redio yako.

Wengi huharibikiwa hapa: wanamaliza raundi halafu wanajipima kama wametulia. Siku nyingine hutatulia kabisa, na zoezi litakuwa limefanyika vilevile. Utakachokiona mwanzoni, baada ya wiki mbili tatu hivi, ni kwamba unagundua mapema zaidi kuwa umeanza kukasirika. Sekunde mbili hizo zinatosha kufunga mdomo.

*

Korosho zangu ziko ghalani, mnada umepita, pesa bado haijaingia benki. Kila usiku nashtuka saa nane, nahesabu deni la salfa, palizi na ada mpaka kunakucha. Nikishika simu ni kuangalia salio. Kuna jamaa ananishawishi mzigo uliobaki nimpe kangomba, mnunuzi wa mtaani nje ya mnada, ili nipate usingizi.
*Mkulima, Tandahimba*

Kaka, tuanze na kangomba. Mbali na kwamba imepigwa marufuku, kipimo na bei huwa mkononi mwa mnunuzi, naye anajua una shida. Jiwekee sheria moja: uamuzi wowote wa fedha uliofikiwa usiku wa manane hautekelezwi kabla hujanywa chai ya asubuhi na kuusema mbele ya mtu mwingine. Kichwa kilichochoka hukuza hasara na kupunguza njia za kutokea.

Sasa usingizi. Mtu hulala kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Usingizi mzito uko zaidi nusu ya kwanza ya usiku. Nusu ya pili ni mwepesi, na kushtuka kidogo katikati yake ni kawaida kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba wewe ukishtuka unaangalia salio. Umeuzoesha mwili wako kuwa saa nane ni saa ya benki, nao siku hizi unakuamsha wenyewe.

Anza mchana. Saa kumi na moja jioni, chukua daftari na ukae dakika 15 hadi 20. Gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika yale unayoweza kuyafanyia kitu, na kila moja liwe na hatua ya kwanza na saa yake: "Kesho saa tatu naenda chama cha msingi kuuliza malipo ya mnada ule." Upande wa pili andika yasiyo mikononi mwako, kwa mfano siku hasa ambayo benki italipa. Yaandike yote, hata ya aibu. Funga daftari. Usiku wasiwasi ukija unaujibu kwamba umeshaandikwa na una saa yake kesho jioni. Ukiona hili ni la kitoto, lijaribu wiki moja kabla ya kulicheka. Linashindwa kwa wanaolifanyia kitandani, au wanaoandika "madeni" tu bila hatua.

Simu ilale chumba kingine. Kama unaitegemea kwa alamu, nunua saa ya mezani. Ukishtuka usiangalie saa ngapi. Ukikadiria kama dakika 20 zimepita na usingizi haurudi, toka kitandani, kaa kwenye kigoda na mwanga hafifu, uchambue mbaazi au choroko. Kazi iwe ya kuchosha macho. Kope zikiwa nzito, rudi. Zikikataa tena, toka tena. Tunajua inakera, ila kitanda ambacho kwa mwezi mzima kimekuwa mahali pa kuhesabu madeni kinahitaji kuzoeshwa upya kuwa mahali pa kulala.

Amka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 na uwe kabla ya saa tisa alasiri. Usipande kitandani saa mbili usiku kwa kuwa tu umechoka kuwaza. Subiri usingizi wenyewe. Na pombe, hata ile ya mabibo inayosifiwa kwamba inalaza, inakulaza saa nne na kukuamsha saa nane, moyo ukienda mbio. Kwa watu wengi hiyo peke yake ndiyo nusu ya tatizo. Wiki ya kwanza ya mpango huu huwa ngumu na mchana utasinzia. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne.

*

Nimejaribu kupumua kwa kina kama nilivyoona kwenye video. Baada ya dakika moja napata kizunguzungu, midomo na vidole vinakufa ganzi. Nimeacha. Je, nina ugonjwa?
*Mwalimu, Masasi*

Mwalimu, maelezo yako ni ya mtu anayevuta hewa nyingi mno. Ukipumua kwa nguvu na haraka unapoteza kabondayoksaidi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu ya ubongo inabana kidogo, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi hutokea. Hiyo "kwa kina" ndiyo inayowaponza watu. Pumzi inayotuliza ni ya polepole na ni ndogo.

Kaa kwenye kiti, mgongo umeegemea, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, bila kuinua mabega. Mkono wa tumboni ndio usogee. Toa kwa pua ukihesabu hadi sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa hewa. Dakika tano zinatosha. Kama nne kwa sita inakubana, anza na tatu kwa nne. Usizuie pumzi katikati, hasa kama una pumu, shinikizo la damu au ni mjamzito.

Ganzi ikija, acha kuhesabu na uache mwili upumue wenyewe. Itaondoka ndani ya dakika chache. Ikiwa kizunguzungu kinakujia hata usipofanya zoezi, hilo ni la zahanati.

*

Sheikh mmoja hapa mtaani anasema mambo haya ya kukaa na kusikiliza pumzi ni ibada ya dini nyingine. Mimi ni Muislamu, sitaki kuingia nisikokujua. Mnasemaje?
*Msomaji, Lindi mjini*

Swali la haki, na historia haifichiki. Mazoezi mengi ya namna hii yana asili ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, aliyaondolea sura ya ibada na kuyapanga kuwa mafunzo ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha na msongo. Hayo ndiyo yaliyoenea hospitalini: kusikia pumzi, kusikia mwili, kurudisha akili. Hayana dua wala jina la kuitwa.

Hukumu ya dini si yetu kuitoa, mrudie sheikh wako umwoneshe zoezi lenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba huhitaji kutoka nje ya ulichonacho. Baada ya swala ya alfajiri usiinuke upesi. Kaa dakika tano na uradi wako, tasbihi mkononi, na kila punje uisikie kidoleni kabla ya kuivuka. Ukigundua ulimi unaendelea na akili imeshafika sokoni, rudi kwenye punje iliyopo. Wanaotafuta khushui, ule utulivu wa moyo ndani ya swala, wanaijua kazi hii vizuri kuliko sisi. Wasomaji Wakristo wa Masasi na Ndanda wanaweza kufanya vivyo hivyo kabla misa haijaanza, kwenye benchi, bila kusalimiana kwanza.

Mahali pa kushtuka ni pale mwalimu anapokutaka utamke maneno usiyojua maana yake, au ulipe ndipo akupe "siri". Hapo ondoka.

*

Kila Jumapili tunaenda ufukwe wa Shangani na wenzangu, tunapiga picha, muziki, tunarudi usiku. Wanasema bahari inatuliza. Mbona mimi narudi vilevile?
*Mwanachuo, Mtwara*

Kwa sababu mmehamisha geto mkalipeleka mchangani. Hakuna ubaya, ni starehe nzuri ya Jumapili, ila ni kitu kingine.

Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionesha kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili jumla ya dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusema wana afya na wanaridhika na maisha, kuliko wasiokwenda kabisa. Dakika hizo zingeweza kuwa safari moja au kugawanywa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti na maji ndiyo sababu, kwani mwenye afya naye hutembea zaidi. Ila kama kipimo cha kuanzia unafaa: dakika 40 mara tatu kwa wiki. Nenda peke yako, au na mtu anayeweza kunyamaza bila kununa.

Kwanza soma mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na pwani yetu wakati wa bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, hujaa mnamo saa kumi. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za maji mafu, katikati ya hapo, bahari haiendi mbali. Kwa hiyo, anayetaka kutembea kwenye mchanga mgumu na kutazama vidimbwi aende siku za bamvua asubuhi, akiwa na kofia na maji ya kunywa, maana jua la saa nne halina huruma. Anayetaka kukaa tu na kusikiliza mawimbi aende alasiri maji yakiwa yamejaa.

Vaa makubazi au viatu vya plastiki. Vile viumbe vyeusi vya miiba havina mzaha. Ukipita maji ya magotini, buruza nyayo badala ya kuzinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia mchangani akusikie na kukimbia. Maji yakianza kurudi, na wewe geuka, kwa sababu hujaza mikondo ya nyuma yako kabla hujaona. Na giza lisikukute peke yako sehemu isiyo na watu.

Ukifika, dakika kumi za kwanza tembea bila lengo. Kisha kaa chini ya mvinje. Tafuta sauti tatu: ya karibu, pengine majani ya mvinje wenyewe; ya kati, pengine watoto au mashine ya boti; na ya mbali kabisa. Baki na ile ya mbali dakika mbili. Baada ya hapo chagua kipande cha mchanga kisichozidi upana wa mkeka wa kuswalia, ukitazame. Kaa wakiona umetulia watatoka mashimoni. Yule anayechungulia mara tatu kabla ya kutoka, mhesabie. Kama una bahati kulasitara atasimama majini karibu, naye anajua kusubiri kuliko sisi sote. Upepo pia una habari: Kusi, tangu mnamo Aprili hadi Septemba, unasukuma ngozi na una ubaridi, Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ni wa joto na unyevu. Usikie uko shavu gani.

Kutakuwa na kuchoshwa. Kunakuja mapema, kabla ya nusu ya muda, na ndipo mkono unapoikumbuka simu. Ukivuka hapo bila kuigusa, sehemu iliyobaki ni rahisi. Picha piga mwishoni, moja.

*

Mimi ni mlinzi wa usiku. Narudi saa moja asubuhi, nyumba ya bati, watoto wa jirani, joto. Nalala saa tatu tu.
*Mlinzi, Mtwara mjini*

Ukitoka kazini vaa kofia pana au miwani ya jua, na usipitie kijiweni. Mwanga wa asubuhi unauambia mwili kwamba siku imeanza. Kula kidogo, oga maji ya uvuguvugu, lala moja kwa moja, kwani chini ya bati saa za mwanzo za asubuhi ndizo zenye nafuu. Gawa usingizi: muda wa saa nne au tano asubuhi, kisha muda wa saa moja na nusu jioni kabla ya zamu. Vitenge viwili vizito dirishani huondoa mwanga. Feni ipulize kutoka upande wa kivuli. Kanga iliyoloweshwa maji huku kwetu husaidia tu kama kuna feni au upepo, vinginevyo unyevu unabaki hewani na joto linazidi. Mwenye uwezo aweke siling bodi. Asiye nayo, makuti juu ya bati hupunguza sana ukali wa jua.

Kahawa kunywa nusu ya kwanza ya zamu tu. Na jirani yako aelezwe kwa saa kamili. "Naomba mpaka saa saba" inaeleweka kuliko "watoto wako wanapiga kelele".

*

Namuuguza mama aliyepooza upande mmoja, mwaka wa pili sasa. Ndugu wapo lakini wanapiga simu tu. Nikisikia habari ya kupumzika natamani kulia. Nipumzike saa ngapi?
*Binti, Newala*

Pole sana, dada. Hatutakwambia upumue ndipo mzigo uwe mwepesi. Mzigo wako ni wa watu watatu na unabebwa na mmoja, kwa hiyo dawa ya kwanza ni mgawanyo.

Ndugu huambiwa "nisaidieni" wakajibu "tupo pamoja". Omba kitu chenye siku na saa: "Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, fulani akae na mama." Ukiona aibu kudai, mpelekee mjomba. Huku kwetu neno la mjomba kuhusu mama yenu lina uzito ambao ujumbe wa simu hauna, naye anaweza kuitisha kikao. Asiyeweza kuja atoe fedha ya mtu wa kufua. Andikeni mbele ya wote.

Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo. Itumie saa hiyo. Ukishamgeuza na kumnywesha, una muda ambao hakuna linalokudai. Watu wengi huutumia kufagia. Mara mbili kwa siku, usifagie. Jilaze kwenye mkeka dakika kumi na ufanye hivi: kaza ngumi zote mbili kwa sekunde tano, ziachie kwa sekunde kumi na tano, usikie damu inavyorudi. Panda mikono, mabega (yainue hadi masikioni), uso, tumbo, mapaja, nyayo. Kaza robo tatu ya nguvu zako, si zote, vinginevyo misuli ya vigimbi itakakamaa. Mgongo ukiuma uruke. Zoezi hili linamfaa mtu aliyechoka kuliko la kukaa na kutazama pumzi, kwa sababu linaupa mwili kazi.

Zile saa tatu za Jumamosi, toka nje ya boma. Nenda Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la hapo Newala, ukae mahali salama mbali na ukingo, uangalie bonde lote hadi upande wa Ruvuma. Usiende sokoni kwanza. Soko litakula saa zote.

Na kitanda cha mama kisogeze dirishani kama kuna mwembe au mkorosho nje. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: waliopasuliwa kibofu cha nyongo na kulazwa mahali wanapoona miti waliruhusiwa mapema kidogo na kuhitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioona ukuta wa matofali. Kundi lilikuwa dogo na ugonjwa ulikuwa mwingine, lakini kusogeza kitanda hakugharimu kitu.

*

Mara tatu mwezi huu moyo umenidunda ghafla, jasho, pumzi zimekata, nikajua nakufa. Baada ya muda kikapita. Kuna anayesema jini, kuna anayesema msongo.
*Mvuvi, Kilwa Masoko*

Hospitali kwanza. Upimwe shinikizo la damu, wingi wa damu, sukari na malaria, na daktari aamue kama tezi ya shingo na moyo navyo vipimwe. Maumivu ya kifua yanayokandamiza na kwenda mkononi, taya au mgongoni ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo; hapo hakuna zoezi.

Vipimo vikiwa safi, yawezekana ni shambulio la hofu. Hupanda haraka, hufika kilele kwa kawaida ndani ya dakika kumi, hushuka. Linatisha kuliko linavyodhuru. Ukiwa ngalawani kaa chini na ushike ubao. Usipigane nalo. Toa pumzi ndefu kuliko unayovuta, macho wazi, utaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona: tanga, kamba, ndoo, mwamba, mwenzako. Nawa uso maji baridi. Kosa kubwa ni kuanza kukwepa kila mahali lilipokukuta, kwa sababu wiki hii utakwepa bahari na wiki ijayo soko. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Kwa wasomaji wote: huzuni au kukosa hamu ya vitu karibu kila siku kwa wiki mbili si jambo la kutibiwa kwa matembezi peke yake. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na viuatilifu vya mikorosho viondolewe nyumbani au vifungiwe na mtu mwingine akae na ufunguo. Na kama kukaa kimya kunakurudishia tukio baya lililokupata, acha zoezi, fungua macho, simama, utembee. Tafuta mshauri kabla ya kuendelea.

*

Je, ni lazima kupakua programu ya simu ya mafunzo haya? Bando linaisha.
*Msomaji, Nachingwea*

Hapana. Unahitaji alamu ya dakika tano, basi. Simu iliyokuongoza kupumua huwa inakuletea ujumbe wa mtu dakika ya tatu.

*

Kahawa ya kijiweni baada ya isha inaharibu usingizi kweli? Mimi nimeinywa miaka yote.
*Mzee, Lindi*

Shikamoo mzee. Kafeini hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya saa tano hivi kwa mtu mzima wa kawaida, na kwa wengine, hasa umri ukisogea, huchukua muda mrefu zaidi. Vikombe vitatu vya saa mbili usiku vinakuachia kama kimoja na nusu saa saba. Wapo wanaolala navyo, lakini usingizi wao huwa mwepesi, na asubuhi wanasema umri umefika.

Baraza usiiache. Kukaa na wenzako mkicheza bao, ukihesabu kete na kumsikiliza aliyeshindwa akijitetea, kunakufaa kuliko mengi tuliyoandika hapo juu. Badilisha kikombe tu: kahawa iwe ya alasiri, isipite saa tisa, na usiku agiza tangawizi. Jaribu siku kumi. Kichwa kikiuma siku mbili tatu za mwanzo ni mwili unaoidai kahawa yake, kitaacha. Kama siku kumi zikipita na usingizi ni uleule, rudia kahawa yako na utuandikie tena, tutazame dawa unazotumia na mara ngapi unaamka kwenda haja ndogo.